Madam na Zile Jumanne Mbili

Tulimwita Madam, na mpaka leo nikisikia jina lake halisi likitajwa kanisani, huchukua muda kujua ni nani anayesemwa. Alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta katika kiwanda kimoja cha maziwa hapa Nakuru. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na idara yenyewe ilikuwa mimi, yeye na feni moja ya mezani. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisomea wapi, hayo waulize wengine. Mimi nina mengine ya kusema.

Watu wa kiwandani wakimkumbuka humkumbuka kwa kisa kimoja, kile cha Mzee Wafula, dereva wa lori la maziwa, aliyebakiza siku mbili tu afukuzwe kazi kwa kosa la mtu mwingine, eti kwa sababu kompyuta zilisoma tarehe vibaya. Nitakifikia, usijali. Lakini kisa hicho ukikisikia bila kumjua Madam utadhani alikuwa mama mtakatifu fulani, na Madam hakuwa mtakatifu hata kidogo. Nivumilie kwanza.

Jambo la kwanza, alichelewa. Saa zote za kiwanda zilikuwa mikononi mwake, kuanzia ya seva mpaka ile kubwa ya ukutani pale mapokezi, na mojawapo ikikosea hata kwa dakika moja hakulala. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Mkutano wa saa tatu angeuingia saa nne kasoro, mkononi ana mfuko wa sukuma wiki aliyoinunua njiani, anaketi, anavua kofia, anasema, "Endeleeni tu, msirudie kwa sababu yangu." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama kwamba ni sisi tuliomkosea naye ametusamehe. Mhasibu wetu alipofanya harusi kule Subukia, Madam alifika watu wakikunja mahema. Alipewa chakula na wale vijana wa mahema, akawachezesha nyimbo mbili, akaondoka akisema ile harusi ilikuwa nzuri sana, tena haikuwa na hotuba nyingi.

Na alikuwa na mdomo. Alizigombeza mashine kwa sauti, kwa lugha ya mama anayemwamsha mtoto wa shule. Ukipita nje ya ofisi yetu ungemsikia akiiambia seva, "Wewe, si nilikupatia nafasi jana? Umeimaliza na nini?" Wageni walidhani ana mtoto humo ndani. Kwa mameneja hakuwa mpole zaidi. Lakini karani wa kawaida akipiga simu akiwa ameogopa, Madam alibadilika kabisa, akawa na subira ya ajabu, akamuuliza swali lake lile lile la siku zote: "Umeona nini?"

Hilo swali lilikuwa kama dini kwake. Hukuruhusiwa kumwambia kitu kimeharibika, wala kwamba kiko sawa. Ulitakiwa useme ulichokiona kwa macho. Siku moja karani wa mishahara alipiga simu.

"Madam, kompyuta yangu imekufa."

"Umeona nini?"

"Nimeona imekufa."

"Sasa wewe ni daktari? Umeona nini?"

"Kioo ni cheusi. Na hapa chini kuna waya wa birika."

Aliyepika chai alikuwa amechomoa kompyuta ili achemshe maji. Wengine wangewaka. Madam alishuka ngazi mwenyewe, akakunywa kikombe cha chai ile, akamwambia karani kwamba chai ikiwa karibu kuiva kompyuta itasubiri, kwa maana kompyuta haisikii baridi. Tangu siku hiyo wapishi wa chai walimpenda, na sisi wa idara ya kompyuta tulipata chai ya kwanza hata kabla ya mkurugenzi.

Kusifu hakujua. Nikifanya kazi nzuri alisema, "Haijaharibika," na mimi nilienda nyumbani nikitembea kifua mbele. Aliogopa kuku. Kwa kweli, mwanamke mzima, mwenye shamba la viazi, kuku akikatiza njia yeye husimama mpaka apite. Katika kwaya yao ya kanisani aliimba kwa nguvu akiwa nyuma ya wenzake kwa neno moja, na mwalimu wa kwaya alikata tamaa akamweka pembeni karibu na dirisha.

Halafu kuna Mose. Mose alikuwa ndugu yake wa mwisho, na Madam ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Waliishi pamoja nyumbani kwa Madam, mtaa wa Free Area. Yeye ndiye aliyemwombea kazi ya udereva kiwandani, na kwa hiyo alijipa haki ya kumkaripia mbele ya watu: shati halijapigwa pasi, nywele zimezidi, gari linanuka. Mose alicheka tu. Alikuwa kijana wa kucheka, mzuri wa sura, mwepesi wa ahadi. Saa ya chakula ungemkuta Madam huyo huyo kantini akihamisha vipande vya nyama kutoka sahani yake hadi ya Mose, akijifanya hapendi mafuta.

Dereva mwenzake Mose alikuwa Mzee Wafula, na huyu na Madam hawakuivana. Wafula alitoka familia ya watu wa reli, alikulia kwenye nyumba za reli hapa hapa mjini, na aliendesha malori tangu enzi ambazo dereva alikuwa mtu wa kuheshimiwa na hata chifu. Halafu Madam akaja akamfungia kipimajoto ndani ya tangi, kinachotuma kila baada ya dakika chache joto la maziwa, mahali lori lilipo na kama injini inawaka. Wafula alikichukia kile kitu.

"Miaka yote nimeleta maziwa, leo naletewa askari ndani ya maziwa," alisema.

"Kama huna la kuficha, askari ni wa nini kwako?" Madam akamjibu.

Hapo wakaanza. Wafula alikataa kumwita Madam kama watu wote. Alimwita Mama TV, kwa sababu ya kile kioo kikubwa mezani pake, na Madam alimwita Mzee wa Treni. Kila asubuhi walirushiana maneno pale getini, na watu wengine walichelewa kuingia kazini kusudi wasikilize.

Sasa kile kisa. Nitakueleza polepole, kwa maana mimi mwenyewe nilieleweshwa polepole.

Tulikuwa na hifadhidata mbili, au database kama tulivyoziita sote. Ya kwanza ilipokea kila kitu: lori gani, lita ngapi, maziwa yana joto gani. Ya pili ilikuwa nakala, ya watu wa ubora, ili wachimbe ripoti zao humo bila kutusumbua. Kila badiliko lililoingia katika ile ya kwanza lilitiririka hadi kwenye nakala likiwa na alama ya siku na saa lilipotokea. Kazi ya kuandika programu ya kusoma mtiririko huo walipewa vijana wa kampuni moja ya Nairobi, wenye kompyuta nyembamba na maneno manene.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, ripoti ilitoka ikisema kwamba maziwa yaliyopokelewa asubuhi ile yalifika miaka thelathini iliyopita. Madam alicheka mpaka akaketi. Aliita watu kutoka kantini: "Njooni muone maziwa ya ng'ombe ambao hata nyanya zao walikuwa hawajazaliwa." Meneja wa ubora hakucheka. Alikuwa mwanamume mnadhifu sana, aliyevaa koti jeupe hata akienda kula, na alitaka kujua kosa ni la nani.

"Si la mtu," Madam akamwambia. "Database yetu huhesabu wakati kuanzia mwanzo wa mwaka elfu mbili. Programu ya hawa vijana inadhani hesabu imeanzia mwaka wa sabini. Kamba ni ile ile, ila mmoja ameanza kuipima mlangoni na mwingine getini. Warekebishe."

Halafu akaenda likizo yake ya kuvuna viazi, na vijana wakarekebisha. Aliporudi walikuwa wameshaondoka na ripoti zilikuwa zinatoka vizuri, za mwaka huu, siku ni zenyewe na saa ni zenyewe. Maziwa ya Jumanne alfajiri yalisomeka Jumanne alfajiri. Kila mtu aliridhika.

Kuna mambo mawili lazima uyajue kuhusu kiwanda chetu. La kwanza, meneja wa ubora alikuwa ameagiza ripoti zake zionyeshe jina la siku na saa tu, bila tarehe. Alisema tarehe hazimsaidii mtu, na alisema kweli, kwa sababu kwetu hakuna aliyezungumza kwa tarehe. Maziwa ni ya Jumanne au ya Alhamisi, basi. La pili, Wafula na Mose walipokezana kwa wiki. Wiki hii Wafula ana lori la bondeni, linalozoa maziwa ya Mai Mahiu na Naivasha, na Mose yuko na lori dogo la Subukia. Wiki ijayo wanabadilishana. Ratiba hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta, na ripoti ilijijazia jina la dereva yenyewe. Kitabu cha getini kilikuwa kimeachwa tangu mashine zije.

Basi mala yetu, yale maziwa ya mgando ya paketi, ikaanza kurudishwa kutoka madukani. Paketi zilikuwa zimevimba, na ndani kulikuwa na ladha ambayo sitaki kuikumbuka. Meneja wa ubora akachimba ripoti zake akitafuta lori lililopoteza baridi, na akalipata moja tu: lori la bondeni, Jumanne asubuhi, limesimama Karagita, ule mtaa wa wafanyakazi wa maua kule Naivasha, injini ikiwa imezimwa, na kwa lori lile injini ikizimwa mtambo wa baridi nao unazima. Maziwa yalipata joto yakaponyoka kwa wapimaji wa mapokezi. Na hapo chini ya ripoti pameandikwa dereva: Wafula.

Kikao cha nidhamu kikapangwa Ijumaa, na kila mtu alijua maana yake. Jumatano Wafula akaja mlangoni petu, kofia mkononi.

"Madam," akasema.

Mimi nilinyanyua kichwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

"Keti, mzee."

"Sikai. Hicho kitu chako kimesema nilizima gari Karagita. Mimi na umri huu nitafute nini Karagita? Hiyo wiki nilikuwa Subukia."

"Wiki gani?"

"Sasa si hapo ndio shida? Imepita karibu mwezi. Wananiambia Jumanne. Jumanne ni nyingi. Lakini mimi sijazima gari na maziwa ya watu ndani, hata siku moja, tangu nishike usukani."

Wafula akaendelea, sauti imeshuka.

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wakinitoa Ijumaa nitatoka kama mwizi. Wajukuu wangu wanapita hapa getini wakienda shule."

"Nitaangalia," Madam akasema. "Lakini nikikuta ni wewe, nitasema ni wewe."

"Sema. Wewe angalia kwanza."

Alipoondoka nilidhani Madam atatoa mzaha. Hakutoa. Alivuta kiti akaanza kazi, na ningependa kukuambia alilijua kosa papo hapo, lakini hapana. Alikosea mchana mzima. Alishikilia kwamba ni zile saa tatu zilizo kati ya saa yetu na ile saa ya dunia ambayo kompyuta hupenda kuihifadhi. Alikuwa na hakika mpaka akaniwekea dau la chapati. Nikalinganisha saa za pande zote mbili, zikawa sawa dakika kwa dakika.

"Saa ziko sawa, Madam."

"Usiniambie ziko sawa. Umeona nini?"

"Nimeona ziko sawa."

Alininunia kwa muda, akaangalia mwenyewe, akanuna tena, kisha akacheka na kuagiza chapati. Siku ikaisha hivyo, na Wafula bado alikuwa mtu wa kufukuzwa.

Alhamisi asubuhi alipitia stoo ya idara ya ubora akaomba paketi moja ya ile mala iliyorudishwa. Aliileta ofisini akaiweka mezani katikati yetu. Nikafungua dirisha. Akaigeuza, akasoma tarehe iliyopigwa mgongoni mwa paketi, tarehe ya kufungwa kiwandani.

"Hii ilifungwa Jumatano. Maziwa ya Jumanne, mala ya Jumatano. Ni sawa?"

"Ni sawa."

"Sasa toa tarehe kamili ya ile Jumanne ya Wafula. Usinipe jina la siku. Nipe tarehe."

Nikaitoa. Haikuwa Jumanne ya siku moja kabla ya ile Jumatano ya paketi. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia.

"Haya maziwa yalilala wapi wiki nzima?" akauliza. "Kwenu kuna tangi la kulaza maziwa wiki nzima?"

Hakuna. Maziwa yetu hayangojei hata siku mbili. Akaomba aonyeshwe jinsi wale vijana walivyorekebisha ile miaka thelathini. Ilikuwa mstari mmoja tu: chukua tarehe, ongeza miaka thelathini, kila mwaka ukiwa siku mia tatu sitini na tano. Akausoma mara mbili. Kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka paketi ikaruka.

"Wamesahau zile Februari," akasema. "Korir, hesabu zile Februari zenye siku ya ishirini na tisa, kuanzia sabini mpaka elfu mbili ianze."

Nikahesabu kwa vidole, kuanzia sabini na mbili. Zikawa saba.

"Saba. Ripoti zimebaki nyuma wiki kamili. Ingekuwa sita au nane, Jumanne ingeangukia Jumatano au Jumatatu na hata mpika chai angejua kuna kosa. Lakini saba, Jumanne imeketi juu ya Jumanne nyingine na hakuna aliyeona. Lo, nimewapenda hawa vijana. Wamekosea vizuri sana."

Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alizunguka meza, akaigombeza seva kwa mapenzi, akaniambia mimi sijaharibika. Wafula ameokoka, tukasema. Kisha akaketi kurekebisha ile ripoti moja, siku saba mbele, ili apeleke ushahidi. Ripoti ikatoka upya. Lori la bondeni, Jumanne, Karagita, injini imezimwa, na chini yake jina la dereva likawa limejijazia upya kutoka kwenye ratiba.

Lilikuwa jina la Mose.

Madam alisoma lile jina kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenda ukale, Korir. Ni saa ya chakula." Nikaenda.

Niliporudi Mose alikuwa ndani na mlango umefungwa. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo usinilaumu.

"Ulikuwa Karagita?"

"Dada, hawakuniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Mose akasema, "Kuna msichana. Anafanya kwa mashamba ya maua. Alikuwa off hiyo siku, nikasema nimsalimie dakika tano."

"Na hizo dakika tano zikachemsha tangi."

"Sikujua zimepita hivyo."

"Na ulipomsikia Wafula anaitwa Ijumaa?"

"Nilifikiria itapita tu. Huyo ni mzee, watamsamehe."

Nilimsikia Madam akivuta pumzi. Nilingoja amgombeze kama siku zote, na ingekuwa afadhali. Lakini alisema polepole, "Utaenda kwa meneja leo, mwenyewe, kwa miguu yako, useme ni wewe. Usipoenda, kesho nitasema mimi. Mose, nakuomba usinifanye niseme mimi."

Mose alitoka akanipita bila kunitazama. Nilimwona akivuka uwanja hadi kwa meneja, akasimama mlangoni pale kwa muda, akavua kofia, akaingia.

Ijumaa kikao kilifanyika, na Madam, bila shaka, alichelewa. Aliingia na ile paketi ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, na karatasi zake, akaeleza habari ya Februari kwa dakika chache mbele ya watu walioziba pua. Wafula aliambiwa arudi kazini. Mose, kwa sababu alikuwa amejisema mwenyewe, hakufukuzwa. Alinyang'anywa usukani akapelekwa kuosha mikebe ya maziwa, na aliiosha mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Wale vijana wa Nairobi walirekebisha ule mstari wao wakiwa na haya. Madam aliwatumia kalenda ya ukutani ya duka la vifaa vya ujenzi, Februari yake imezungushiwa wino mwekundu, na wakaitundika ofisini kwao. Walikuwa watoto wazuri kwa kweli. Meneja wa ubora akakubali ripoti zake ziandikwe tarehe, ingawa kwa herufi ndogo.

Wafula alistaafu mwaka uliofuata, kwa hotuba, keki na blanketi. Akiwa amejifunga lile blanketi mabegani alimwambia Madam mbele ya watu wote, "Mama TV, yule askari wako si mbaya sana." Madam akamjibu kwamba amechelewa kuligundua hilo, na Wafula akasema, "Nani anasema habari ya kuchelewa?" Kantini nzima ilicheka, na Madam alicheka kuliko wote.

Lakini nyumbani Free Area mambo yalikuwa mengine. Mose alihama wiki ile ile ya kikao, akapanga chumba, na hakumsemesha dada yake kwa miezi mingi. Kiwandani wangepishana na yeye angeangalia mikebe yake. Madam hakulalamika. Ila alianza kunipa bakuli lililofunikwa, karibu kila mchana, akisema, "Pelekea yule wa mikebe, usiseme limetoka wapi." Mose alijua limetoka wapi. Alilila, akaliosha, akanirudishia bila neno. Nilibeba lile bakuli kipindi hicho chote nikiwa na hasira nao wote wawili, kwa sababu niliwapenda.

Nani alianza kumsemesha mwenzake, sijui, na wote wawili hudai ni mwingine. Ninachojua ni kwamba Mose alimwoa yule msichana wa maua, kwamba Madam ndiye aliyesimama mahali pa mama, na kwamba bwana harusi alimdanganya dada yake saa ya ibada ili afike kwa wakati.

Mara ya mwisho nilipomwona Madam ni mwaka huu, Mai Mahiu. Amestaafu. Mimi nilikuwa naelekea Nairobi nikashuka kutafuta chai kwenye zile hoteli za madereva wa malori, na sauti niliyoisikia ndani ikiigombeza mashine ya kukoroga juisi nisingeisahau. Hoteli ilikuwa ya Mose na mkewe. Madam alikuwa ameketi pembeni na mtoto wao mapajani, akiwaamuru wote.

"Korir. Umenenepa," akasema. "Keti."

Mose alinikumbatia, akaleta chai na chapati, akarudi jikoni ambako watu walikuwa wanamwita kila upande. Tukaongea habari za kiwanda. Nilipomwona Madam ametulia, nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuthubutu kumuuliza.

"Madam, ile Alhamisi ulinituma nikale. Ulifanya nini peke yako humo ndani?"

Alimtazama mtoto kwanza, akamfuta mdomo.

"Nilitafuta kosa lingine," akasema.

"Kosa gani?"

"Lolote. La siku, la ratiba, la kipimajoto. Niliipekua ile programu mstari kwa mstari nikimwomba Mungu anipatie kosa la pili, limtoe Mose. Nililitafuta mpaka macho yakauma."

"Na kama ungelipata?"

"Ningelipata, Korir. Wacha kujidanganya. Ningekaa pale saa moja zaidi, ningejitengenezea moja, na wewe ungeliamini kwa sababu nimelisema mimi."

Nje lori lilipiga breki na mtoto akashtuka, Madam akampigapiga mgongoni mpaka akatulia.

"Ndiyo maana nilianza na simu," akasema. "Ulipofunga mlango tu, kabla sijagusa kitu, nilimpigia Wafula. Nikamwambia, mzee, lala, si wewe, nimeona. Akalia kwenye simu. Baada ya hapo ndipo nikaanza kutafuta."

"Kwa nini ulianza na yeye?"

"Kwa sababu najijua," akasema, kisha akageuka akamwita Mose aache vyombo, aje aketi nasi.